Madaraja ya Mizizi Hai ya Meghalaya: Namna ya Kufika, Kushuka na Kuyavuka

Kusini mwa jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, Wakhasi na Wajaintia wana madaraja waliyoyaotesha. Hupanda mti ukingoni mwa mto, huielekeza mizizi yake mpaka ng'ambo, kisha husubiri miaka. Wenyewe huyaita jingkieng jri. Watafiti wa Munich na Freiburg, Ujerumani, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa madaraja 74 ya aina hii, na tangu mwaka 2022 India imeyaingiza katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayoombewa hadhi ya urithi wa dunia.

Waswahili wengi tayari wako India au hupita huko: wanafunzi wa Pune, Bengaluru na Delhi, watu waliompeleka mgonjwa Chennai, wafanyabiashara wanaofuata mzigo Mumbai. Ukiwa na siku tano au sita za nafasi, safari hii inawezekana. Jambo moja nalisisitiza kabla ya yote: usiende na kurudi siku hiyohiyo. Panga kulala kijijini. Anayekwenda mbio hufika mchana, hukuta msongamano wa watu, hupiga picha, kisha hupanda ngazi akiwa hoi. Aliyelala kule huliona daraja asubuhi likiwa na kazi yake ya kila siku, watu wakivuka na mizigo yao.

Ujue kwanza unachokwenda kuona

Mti wenyewe ni Ficus elastica, mpira wa Kiasia, wa ukoo mmoja na mkuyu wetu. Watu wa mjini huuotesha kwenye chungu sebuleni bila kujua kwamba porini ni jitu. Sifa yake kubwa ni mizizi ya angani: hutoka juu kwenye shina na matawi, ikaning'inia, na ikigusa udongo hujichimbia na kunenepa. Mti huu hushika hata kwenye mwamba na kwenye kingo za mto zilizosimama wima, na ndiyo maana unafaa.

Kazi huanza kwa kupanda mche ukingoni, au miche miwili, mmoja kila upande. Mti ukishakomaa na kutoa mizizi ya angani, ambayo ni kazi ya miaka kumi au zaidi, watu hutandaza mianzi juu ya mto, au magogo ya mpopoo yaliyopasuliwa na kukombwa moyo yakawa kama mifereji. Mizizi michanga, ingali laini, hulazwa ndani ya mifereji hiyo, ikaelekezwa ng'ambo na kufukiwa ardhini. Mianzi huoza na kubadilishwa tena na tena. Mizizi inanenepa. Mipya huletwa ikafungwa na kusukwa na ya zamani, mingine juu ikawa mikono ya kushikia, mingine chini ikawa sakafu, na nafasi zilizobaki hujazwa mawe, vipande vya mbao na udongo. Miongo kadhaa hupita kabla daraja halijawa imara. Aliyepanda mti mara nyingi amepandia wajukuu.

Kwa nini shida yote hiyo? Kwa sababu ya mvua. Pepo zenye unyevu kutoka Ghuba ya Bengal hupita juu ya nchi tambarare ya Bangladesh, kisha zikagonga milima hii ghafla na kumwaga kila zilichobeba. Mawsynram na Sohra, mji ambao ramani nyingi huuita Cherrapunji, hupata zaidi ya milimita 11,000 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kama 1,100. Kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 Sohra ilipimwa milimita 26,461. Kwa maji ya namna hiyo daraja la mianzi halimalizi misimu mingi, na chuma hushika kutu. Mzizi hai huyatumia maji hayohayo kukua, kwa hiyo daraja linalotunzwa huzidi nguvu kadiri linavyozeeka. Luteni Henry Yule wa jeshi la Waingereza aliandika habari zake mwaka 1844, na alikuta ni mambo ya kawaida ya wenyeji.

Hatua ya 1: Chagua daraja linalolingana na magoti yako

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wameona picha ya daraja la ghorofa mbili, basi wanataka hilo tu, hata kama wamefuatana na mama mwenye miaka sabini.

Daraja la Riwai ndilo rahisi. Liko karibu na Mawlynnong, kijiji kinachosifika kwa usafi, kilomita 80 na ushee kutoka Shillong, jirani na mpaka wa Bangladesh. Gari linakufikisha karibu, kisha unashuka ngazi za mawe kwa muda mfupi. Mtoto anaweza, mzee anayetembea vizuri anaweza. Ubaya wake ni wingi wa watu, hasa mwisho wa wiki na sikukuu za India. Nenda asubuhi, siku ya kazi.

Daraja la Umshiang, kijijini Nongriat, ndilo lile la ghorofa mbili. Hakuna barabara ya gari. Unaanzia kijiji cha Tyrna, chini kidogo ya Sohra, na unateremka ngazi zaidi ya 3,000 za zege na mawe. Kushuka ni saa moja na nusu hadi mbili, kupanda ni mbili hadi tatu, na zaidi kama mwili haujazoea. Mwenye tatizo la moyo, presha isiyotulia au goti bovu asijaribu. Nasema hivi kwa upendo: gari la wagonjwa halifiki kule, na anayezidiwa hutolewa kwa mabega ya watu.

Njiani kuelekea Nongriat, kwenye kijiji cha Nongthymmai, kuna Ritymmen, daraja moja refu la zaidi ya mita 30. Wengi hulipita mbio wakikimbilia lile maarufu. Mimi nikiambiwa nichague moja la kukaa na kulitazama, ningechagua hili, kwa kuwa watu ni wachache na mizizi unaiona jinsi inavyojikaza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kwa aliyebakiwa na siku ya ziada, upande wa Pynursla, vijiji vya Rangthylliang na Mawkyrnot vina madaraja yasiyo na wageni wengi. La Rangthylliang ndilo refu kuliko yote yanayojulikana, zaidi ya mita 50. Kule mwongozaji wa kijijini ni lazima kwa akili ya kawaida, maana njia za msituni hugawanyika.

Hatua ya 2: Chagua majira

Novemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri ya kutembea. Njia ni kavu, maji ya mito ni mang'avu, na juu kwenye uwanda kuna baridi ya sweta. Machi na Aprili bado inawezekana, ila mvua huanza kupiga hodi. Juni hadi Septemba milima inapendeza kupita kiasi, maporomoko yamejaa, lakini ngazi zinateleza na mito hufurika. Wanakijiji husimulia kwamba ghorofa ya juu ya Umshiang iliongezwa kwa sababu mafuriko yalikuwa yakilifikia daraja la chini. Kama hujazoea milima, usiende miezi hiyo.

Angalizo la saa, na ni la muhimu. Saa ya India ni ileile nchi nzima, na Meghalaya iko mashariki kabisa, kwa hiyo giza huingia mapema. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukianza kushuka saa sita mchana ukitegemea kurudi, utakutwa na giza kwenye ngazi.

Hatua ya 3: Karatasi

Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba viza ya mtandaoni kupitia tovuti rasmi ya serikali ya India. Zipo tovuti nyingi za kuigiza zinazotoza mara mbili au tatu, hivyo hakikisha anwani inaishia na gov.in. Meghalaya haihitaji kibali maalumu cha kuingia kama baadhi ya majimbo jirani. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo aende na karatasi zake za usajili.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. India ni wakali sana kwa hili kwa anayetoka au kupitia nchi zenye ugonjwa, na chanjo lazima iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Bila kadi unaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Hata ukitokea Tanzania, beba kadi, maana safari nyingi hupitia Nairobi au Addis Ababa.

Beba pasipoti yenyewe na nakala kadhaa. Nyumba za kulala wageni nchini India hutakiwa kumwandikisha kila mgeni wa nje.

Hatua ya 4: Kufika

Lango kuu ni Guwahati, mji mkubwa wa jimbo jirani la Assam. Kutoka Mumbai, Delhi au Kolkata kuna ndege za kila siku. Kutoka Guwahati hadi Shillong, makao makuu ya Meghalaya, ni kama kilomita 100, saa tatu hivi kwa barabara nzuri ya milimani. Panda gari la kuchangia, ambalo kila mtu huliita Sumo hata kama ni la aina nyingine, au kodi teksi nzima kama mko wanne.

Lala Shillong usiku mmoja. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na una benki, maduka na soko kubwa la Iewduh, ambako ndiko zilikopangwa Sumo za kwenda Sohra. Mwislamu atapata msikiti na chakula cha halali hapa kwa urahisi kuliko mbele ya safari. Msikiti wa Madina uliopo mtaa wa Laban, wenye kuba na minara ya vioo, unastahili kutembelewa. Toa pesa taslimu za kutosha hapa au Sohra. Kijijini chini hakuna mashine ya kutolea fedha, na mtandao wa simu hukatikakatika.

Shillong hadi Sohra ni zaidi ya kilomita 50. Kutoka Sohra hadi Tyrna unakodi teksi. Jumapili usisafiri kama unaweza kuepuka: Wakhasi wengi ni Wakristo, siku hiyo maduka hufungwa na magari ya kuchangia huwa adimu.

Hatua ya 5: Mzigo mwepesi

Begi kubwa liache Sohra, kwenye nyumba uliyolala. Shuka na begi dogo la mgongoni lenye nguo ya kubadili, taulo, tochi, dawa zako, chupa ya maji, koti la mvua na mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Viatu viwe vya raba vyenye soli yenye meno, vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Kandambili ni za kuvaa ukishafika. Msimu wa mvua kuna ruba njiani, kwa hiyo vaa soksi ndefu na weka chumvi kidogo mfukoni. Ruba akikuganda mnyunyizie chumvi, ataachia.

Fimbo ya mwanzi hukodishwa au kuuzwa pale Tyrna kwa bei ndogo. Ichukue hata kama unajiona kijana. Faida yake utaiona siku ya pili.

Hatua ya 6: Kushuka

Anza saa mbili asubuhi au kabla. Tyrna chukua mwongozaji wa kijijini na mkubaliane bei kabla ya kuondoka. Njia ni moja na haipotezi, lakini mwongozaji anajua pa kupumzika, anajua mto umeamkaje leo, na anakutambulisha kwa wenye nyumba. Pesa unayompa inabaki kijijini.

Siri ya kushuka ni hatua fupi na magoti yaliyokunjika kidogo. Anayeruka ngazi mbilimbili hufika chini na miguu inayotetemeka, na kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Kila nusu saa kaa chini, kunywa maji. Utaanza kuhisi joto linavyoongezeka kadiri unavyoteremka: juu ulikuwa umevaa sweta, chini ni jasho na harufu ya majani mabichi.

Utakutana na wenyeji wakipanda. Mizigo yao wameiweka kwenye khoh, kikapu kirefu chembamba chini na kipana juu, kinachokaa mgongoni na kushikwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso. Ndani mna popoo, mananasi, majani ya bay (kiungo cha mchuzi), au mtungi wa gesi wa gesti utakayolala. Simama upande wa ukuta na uwapishe. Anayepanda na kilo arobaini ana haki ya njia. Mwamkie: "Khublei." Neno hilo hutumika kwa salamu na kwa shukrani, na uso wa mtu hubadilika akilisikia kwa mgeni.

Kabla ya Nongriat kuna madaraja mawili ya nyaya yanayoning'inia juu ya mto wenye mawe makubwa. Yanayumba. Vukeni mmojammoja, macho mbele, mikono pande zote mbili. Kuyumba ni kawaida yake.

Hatua ya 7: Darajani

Ukifika, usipande mara moja. Kaa ukingoni utazame linaanzia wapi. Tafuta shina mama, fuata mzizi mmoja kwa macho kutoka shinani hadi ng'ambo. Utaona mahali mizizi miwili iliyofungwa fundo zamani imeungana hadi gome limekuwa moja, huwezi kuonyesha mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Muungano huo ndio unaolipa daraja nguvu, maana uzito wa mtu unagawanywa kwenye mtandao mzima. Kisha tafuta mizizi myembamba kama kidole, ya rangi nyekundu au kahawia laini, imezungushwa juu ya ile minene. Hiyo ni kazi ya karibuni. Kuna mtu wa kijiji hiki aliyeifunga kwa mikono yake, na ndiyo itakayoshika zamu miaka mingi ijayo.

Kwa sababu hiyo, shika adabu hizi. Usivute wala kuning'inia kwenye mizizi myembamba. Usikate, usichonge jina, usichume jani la kumbukumbu. Kanyaga sakafu ya katikati, si pembeni. Msijazane kupiga picha. Daraja kubwa lililokomaa hubeba watu wengi kwa mpigo, inatajwa hata 50, lakini nyayo za mamia ya wageni kila siku hushindilia udongo na kuchubua magome, na mti hauponi siku moja. Mkiwa kundi, gawaneni. Ukisikia mwanakijiji anasema teremka, teremka bila mjadala. Hapa si bustani ya serikali. Daraja lina wenyewe, na kiingilio kidogo wanachokutoza ni cha kulitunza.

Bwawani chini ya daraja, uliza kwanza kama kuogelea kunaruhusiwa na maji yakoje siku hiyo. Mvaa nguo za heshima hapati shida.

Hatua ya 8: Kulala

Nongriat kuna gesti kadhaa za kifamilia: kitanda, blanketi, bafu la nje, wali na dengu, mayai, tambi za haraka, chai. Msimu wa wageni wengi piga simu mapema ukiwa Sohra. Mwislamu aulize kabla ya kuagiza nyama. Wakhasi hupenda nguruwe, na jadoh, wali wao maarufu, mara nyingi hupikwa naye. Omba mayai na dengu, hakuna atakayekasirika.

Mwenyeji huenda akakukaribisha kwa kwai: popoo mbichi, jani la tambuu na chokaa. Mtu wa Lamu au Unguja ataona yuko nyumbani, lakini popoo hii ni kali kuliko iliyozoeleka pwani. Hutoa jasho na kizunguzungu kwa asiyezoea. Kumpa mgeni kwai ni heshima kubwa. Kuikataa kwa upole, mkono kifuani, si kosa, na kwa kuwa popoo husababisha saratani ya kinywa, kipande kimoja cha heshima kinatosha.

Utagundua pia kwamba mara nyingi mwenye nyumba ni mwanamke. Kwa Wakhasi ukoo hufuata mama, na binti wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya wazazi, basi mambo ya malipo zungumza naye yeye.

Amka alfajiri. Kabla ya saa mbili daraja ni la wenyeji: watoto wa shule, mama na kikapu, mzee na panga akienda shambani. Pisha, kaa pembeni, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Kama miguu bado ina nguvu, mbele ya kijiji, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, kuna Maporomoko ya Upinde wa Mvua, ambapo jua likipiga vizuri upinde huonekana kwenye manyunyu. Nenda na mwongozaji. Miguu ikikataa, rudi Ritymmen ukae.

Hatua ya 9: Kupanda

Takataka zako zote ziweke begini, pamoja na chupa. Kila kitu kinachoingia Nongriat kimebebwa na mgongo wa mtu, na kutoka ni vivyo hivyo. Jaza maji, kula kitu chenye chumvi, anza mapema kabla jua halijakaza. Hesabu ngazi hamsini, simama, vuta pumzi, endelea. Usishindane na vijana wa kijiji.

Teksi ya kutoka Tyrna iagize tangu jana yake, kwa dereva yuleyule aliyekuleta, na mpatane saa. Magari ya kuchangia kutoka Sohra kwenda Shillong hupungua sana baada ya mchana. Kwa hiyo kama una ndege Guwahati, acha usiku mmoja mzima katikati; ukungu na foleni za malori kwenye barabara ile haziangalii tiketi yako.